Bunduki Iliyogoma Mlimani

Fundi Zubeiri wa Ngamiani, Tanga, alitengeneza bunduki kwa miaka thelathini na moja bila kuua hata kunguru. Mlio wa baruti ulimkera mno. Mteja akitaka kuijaribu bunduki yake, aliambiwa aende nayo shambani kwake, Maramba au popote pale, akapige anavyotaka, kisha arudi na habari. Zubeiri alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Alichukua ganda tupu la risasi ambalo kitako chake amekitoboa tundu la kupitisha penseli, akatia penseli humo, akaliweka ganda kwenye bunduki, akaelekeza mtutu darini na kufyatua. Penseli ikiruka na kugonga boriti, kazi imekwisha. Boriti za chumba chake cha kazi zilikuwa na vidoa vyeusi vingi, na mgeni akiingia mara ya kwanza alioneshwa vidoa hivyo kabla hata hajapewa kiti.

Kazi aliijua, na tusimnyime haki yake. Mtutu alioletewa ukiwa umejaa masizi na buibui aliusugua kwa mdeki uliofungwa kitambaa mpaka ukitazama ndani unaona mwanga unazunguka kama pete. Kutu aliitoa kwa mafuta ya taa na majivu laini yaliyochekechwa. Kitako kilichopasuka alikitia gundi, akakikaza kwa waya, akakiacha siku tatu bila kukigusa, na mteja mwenye haraka akaambiwa akaoe wakati anasubiri. Springi iliyochoka aliibadilisha kwa nyingine aliyoikata kutoka kwenye chuma cha saa mbovu ya ukutani. Wenye magobori ya babu zao na wenye bunduki za marisawa zenye cheti cha bomani, wote walikuja kwake.

Ila alikuwa na jambo moja, nalo ni mafuta. Kila bunduki iliyotoka mikononi mwake ilipakwa mafuta ya nazi yaliyopikwa na mkewe, Mwanamkasi. Hapo fundi aligeuka mganga. Aliyamimina kiganjani, akayanusa, akafumba macho, akasema bismillahi, akayapaka ndani na nje, kwenye springi, kwenye nyundo, na zaidi kwenye pini, kile kijichuma kinachotoka kwenda kugonga fataki ya risasi. Kisha mteja akapewa kichupa cha kwendea nacho, pamoja na hotuba.

"Haya si mafuta ya dukani," alisema. "Haya yamepikwa na mkono wa mtu. Ipake kila jioni. Ukipaka kitu kingine usirudi kwangu."

Uweso, fundi cherehani aliyekaa baraza moja naye, hotuba hiyo alikuwa ameihifadhi. Mara nyingi aliimaliza yeye kabla ya mwenyewe.

"Yakhe," Uweso alimwambia siku moja, akiinua kikopo chake chenye mdomo mrefu, "haya mafuta ya cherehani yametengenezwa kwa ajili ya chuma. Tone moja tu. Hayo yako tuachie tupikie maandazi."

"Bunduki si shumizi, Uweso."

"Kweli. Shumizi zangu hazirudi."

Maneno hayo yalimchoma Zubeiri, kwa sababu wakati huo, mwaka wa hamsini na nne, kulikuwa na bunduki moja iliyokuwa ikirudi.

Mwenye bunduki aliitwa Asheri, Mshambaa wa milimani, karibu na Amani, mtu mrefu, mpole, Mluteri anayetia neno "samahani" mbele ya kila sentensi. Alikuwa na shamba la mahindi kando ya msitu, na nguruwe mwitu walikuwa wamelifanya ukumbi wao. Mwezi wa tano alileta bunduki yake ya marisawa ya mtutu mmoja, kitako kimepasuka na springi imelegea. Zubeiri aliitengeneza vizuri, penseli ikagonga boriti, mafuta yakapakwa, hotuba ikatolewa. Asheri akapanda treni hadi Muheza, kisha lori, akarudi kwao.

Baada ya wiki tatu akashuka.

"Samahani, Fundi. Shikamoo. Bunduki haipigi."

Alitoa mfukoni risasi nne. Kwenye fataki ya kila moja palikuwa na kishimo kidogo, kama alama ya ukucha. Pini imegusa, lakini haikugonga. Zubeiri aliitia bunduki ganda lake, akafyatua mbele ya watu wote wa barazani. Penseli iliruka, ikagonga boriti, ikamwangukia Uweso kwenye kofia.

"Bunduki nzima hii," Zubeiri alisema.

"Hapa nzima," Asheri alikubali. "Kwetu haipigi. Samahani."

Zubeiri aliifungua hata hivyo, akaweka springi nene zaidi, akaongeza mafuta na kichupa cha pili. Asheri akapanda. Mwezi wa saba ulipoanza akawa ameshuka tena, na safari hii risasi zilikuwa saba na nusu ya mahindi ilikuwa imekwenda. Alieleza bila kupandisha sauti kwamba nguruwe walikuja alfajiri, akawalenga kwa hatua kumi, bunduki ikasema tak, na nguruwe mkubwa akageuka kumtazama. Alipanda mti na bunduki mkononi. Mkewe Bertha alimkuta huko jua limeshatoka.

Barazani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Asheri mwenyewe alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akasema lililomleta.

"Samahani, Fundi. Wenzangu kule juu wana bunduki tisa za kutengeneza. Walikuwa wananingoja mimi waone. Sasa wanasema tupeleke kwa fundi wa Korogwe."

Kicheko kilikatika. Zubeiri aliichukua bunduki, akafyatua, penseli ikagonga boriti kama kawaida. Mara ya kwanza maishani mwake hakuusikia mlio huo kwa furaha. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Kwa mwaka mzima alikuwa akijificha kuvaa miwani wakati wa kutia nyuzi kwenye skrubu, na mara mbili tupa ilimteleza bila sababu. Siri yake ilikuwa hii: aliogopa kwamba mkono umekwisha, na kwamba bunduki ya Asheri ndiyo iliyokuja kumtangazia. Aliogopa kweli, na mtu akiogopa hivyo husema makubwa.

"Nitapanda nayo mwenyewe," alisema.

"Wewe?" Uweso aliuliza. "Wewe uliyevaa koti siku ile ya manyunyu? Hiyo bunduki inaogopa baridi, na fundi wake vilevile."

"Nitapanda. Na ikigoma mbele yangu kwa kosa la kazi yangu, nitakuja kukaa juu ya mbuzi hapa hapa barazani, nikune nazi mbele yenu, Ijumaa tatu mfululizo, mkitoka msikitini."

Mwanamume mwenye ndevu zake kukaa kitako juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mahali pa hadhara, siku ya Ijumaa! Hata Uweso alisahau kukanyaga cherehani. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, Mwanamkasi alisikika akikohoa.

Alipanda siku ya pili yake, amevaa makoti mawili na kilemba, bunduki imefungwa kwenye mkeka, mfukoni kichupa cha mafuta. Kutoka Muheza lori lilipanda mizunguko hata akaacha kuihesabu, na kila mzunguko hewa ilizidi kupoa. Alipofika kwa Asheri jua la mchana lilikuwa bado lipo, lakini kwake yeye lilikuwa la mapambo tu. Bertha alimpokea kwa "onga mshi", salamu ya mchana ya Kishambaa, na bilauri ya chai yenye iliki, akamtazama anavyotetemeka, akaenda kuleta blanketi, kisha akarudi kuleta la pili.

"Samahani, Fundi," Asheri alisema. "Leo kuna joto."

Zubeiri alivuta kilemba hadi masikioni. Aliomba bunduki ijaribiwe asubuhi, wakati ule ule wa nguruwe, akajifunga mablanketi na kulala kabla ya kuku.

Alfajiri aliamka kutawadha. Maji yalimfundisha adabu. Baada ya kusali alijitazama miguu akaona imepauka na kukatika kama aliyetembea jivuni. Zubeiri alikuwa na upara tangu ujana, na kwa hiyo mafuta ya nazi alikuwa akiyapaka bunduki tu, si kichwa. Leo aliona ajipake magotini. Akatoa kichupa cha Mwanamkasi, akakiinamisha kiganjani. Hakikutoka kitu. Akakipiga kitakoni, akakitikisa. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona kwamba ndani kumejaa kitu cheupe, kigumu, kama mshumaa.

Alikiweka kichupa pale dirishani. Kisha akaenda taratibu hadi pembeni ilikoegemezwa bunduki, akatia ganda na penseli, akaelekeza mtutu juu na kufyatua. Nyundo ilianguka kwa uvivu. Penseli ilijikuna kidogo, ikabaki pale pale.

Akatoa bisibisi. Akafungua skrubu moja moja. Alipoitoa pini, ilitoka imevaa koti jeupe la mafuta yaliyoganda. Kijitundu chake chote kilikuwa kimejaa. Springi ilikuwa imezikwa humo kama samaki kwenye samli. Kazi yake ilikuwa safi. Springi ilikuwa nzima na kila skrubu ilikaa sawasawa. Kilichoiua bunduki ni mafuta, na mafuta ni agizo lake.

"Mkono mzima!" alipiga kelele. "Wallahi, mkono wangu mzima!"

Asheri na Bertha walikuja mbio wakidhani ameumia. Walimkuta mzee wa makoti mawili akirukaruka kando ya kitanda na pini ya bunduki juu juu. Halafu wakaona anaacha kurukaruka, kwa sababu nusu ya pili ya habari ilikuwa imemfikia.

Aliomba mafuta ya taa. Bertha akammiminia kutoka kwenye taa ya chemli. Akaiosha pini, akaosha springi, akasugua kijitundu kwa unyoya wa kuku, akakausha kila kitu kwa kitambaa karibu na moto, akairudisha bunduki kavu kabisa. Penseli ilichomeka kwenye nyasi za paa ikabaki huko huko. Asheri akatia risasi, akatoka hadi ukingo wa shamba, na Zubeiri akaziba masikio kwa vidole na kufumba macho. Mlio ulikwenda ukarudi bondeni. Msituni vitu vizito vilisikika vikikimbia.

Asheri aliporudi alikaa kwenye kigoda, bunduki magotini. Zubeiri alijua kwamba mtu huyu ana haki ya kumtukana, na kwamba hatafanya hivyo, nalo likamuumiza zaidi.

"Kosa langu, Bwana Asheri," alisema. "Ni mafuta yangu. Huku kwenu yanaganda."

"Nimeipaka kila jioni," Asheri alisema polepole. "Kila jioni, Fundi, kama ulivyoniagiza. Na ilipogoma nikaongeza."

"Najua."

"Siku ile ya mti nilikuwa nimepaka mara mbili."

Bertha ndiye aliyeanza. Aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakamcheza, kisha akashindwa. Asheri akamfuata. Zubeiri alicheka pia, mwishoni, ingawa kicheko chake kilikuwa kama cha mtu anayelipa faini.

Ndani ya treni ya kushuka alikuwa na saa nzima ya kufikiri, na alifikiri mengi ambayo hayamletei sifa. Angeweza kusema ilikuwa springi. Angeweza kusema Asheri alitia mchanga. Uweso asingepanda Amani kuuliza. Treni ilipoingia Tanga alikuwa ameshachagua springi.

Alipita mlango wa uani asionekane barazani. Mwanamkasi alikuwa jikoni. Alimtazama mumewe, akaipua sufuria motoni, akamngoja.

"Mafuta yako yanaganda," Zubeiri alisema. "Kule juu yanakuwa magumu kama mshumaa. Ndiyo yaliyozuia pini."

"Ndiyo," alisema Mwanamkasi. "Huganda."

"Unajua?"

"Baba Semeni, hata hapa huganda. Kila kipupwe, asubuhi, mimi na wanawake wote wa mtaa huu tunaanika vichupa dirishani vipate jua ndipo tujipake. Unaviona vile pale? Vipo hapo tangu mwezi wa sita."

Zubeiri alitazama. Vilikuwepo vitatu kwenye dirisha, vimepangwa. Baada ya sala ya alfajiri yeye hurudi kulala mpaka saa tatu, na kufikia saa tatu jua limeshafanya kazi yake.

"Miaka ishirini na sita ya ndoa! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Mimi nayapika kwa nywele na ngozi. Wewe ukawaambia watu ni dawa ya chuma. Nikasema, mume wangu fundi, ya chuma ayajua yeye." Akakunja ncha ya kanga. "Tena nilikuwa napenda kukusikia ukiyasifu."

Hilo lilimtuliza Zubeiri kuliko alivyotaka. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Waambie springi," mkewe alisema taratibu. "Nani atajua? Nami sitasema."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, nalo ni ndiyo. Lakini alimkumbuka Asheri juu ya mti. Akaanza kuwakumbuka na wengine, mmoja mmoja, wale wa Amani na wa Lushoto na wa milima yote ambao kwa miaka ishirini na sita aliwapa kichupa na hotuba. Kila mmoja, jioni hii hii, alikuwa akipaka kwa utii. Akisema springi, wataendelea kupaka.

"Mbuzi iko wapi?" aliuliza.

Mwanamkasi hakumpa. Aliibeba mwenyewe mpaka kizingitini, akaifuta vumbi, akaiweka chini na nazi moja juu yake, kisha akarudi ndani haraka, kwa sababu alikuwa anataka kucheka na kulia, na vyote viwili hakutaka vionekane.

Ijumaa hiyo, watu walipotoka msikitini, walimkuta Fundi Zubeiri amekaa kitako juu ya mbuzi, kanzu ameikusanya magotini. Alisema maneno yake kwa sauti, kabla hajaulizwa. Alisema mafuta ya nazi yanaganda kwenye baridi, yanazuia pini, bunduki haipigi. Mwenye ndugu mlimani ampelekee salamu aikaushe bunduki yake leo. Kosa ni lake, si la Mwanamkasi, ambaye mafuta yake hayana mfano kwa kazi yake. Kisha akaanza kukuna.

Alikuna vibaya kupita kiasi. Nazi ilitoka na vipande vya kifuu, na nusu yake iliangukia nje ya sinia. Uweso alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaegemea cherehani, akacheka tena. Alipochoka alisimama, akaingia dukani mwake, akatoka na kile kikopo chenye mdomo mrefu. Akakiweka chini kando ya sinia.

"Tone moja, yakhe," alisema. "Si kiganja." Na hakusema zaidi ya hapo, jambo ambalo kwa Uweso lilikuwa tunu.

Ijumaa ya pili ilipita. Ya tatu, Zubeiri alikuwa ameanza kushika mkono wa kukuna, na nazi ilikuwa nusu, aliposikia viatu vizito barabarani. Aliinua macho. Asheri alikuwa amesimama mbele yake, na nyuma yake wanaume watano wa milimani, wote na makoti yao ya baridi kwenye jua la Tanga, kila mmoja amebeba kitu kirefu kilichofungwa mkekani, wengine viwili.

"Samahani, Fundi. Shikamoo," alisema Asheri. "Nimewaleta. Ni zile tisa."

Zubeiri alihisi uso mzima umepata moto. Alikuwa na chembe za nazi mpaka kwenye ndevu.

"Si mlisema Korogwe?"

"Tulisema," mmoja wa wageni alijibu, akiangalia mbuzi, na midomo ikimcheza. "Lakini tumesikia huku kuna fundi anayesema kosa ni lake. Tukataka kumwona kwanza."

Zubeiri aliweka kifuu chini, akashika magoti ili anyanyuke, akapokee bunduki kama fundi anavyopokea, kwa mikono miwili na kwa heshima. Alikuwa amenyanyuka nusu pazia lilipotikisika.

"Baba Semeni," sauti ya Mwanamkasi ilisema kutoka ndani, "nazi haijaisha."

Zubeiri aliwatazama wageni, akalitazama pazia, akakaa tena. Wageni waliegemeza bunduki zao ukutani, wakakaa kwenye mkeka wa Uweso, wakamngoja amalize.